Kipimo cha Mtoto Mmoja

Fundi wa nguo akiwashonea watu wa kijiji kizima nguo za kimo kimoja atachekwa. Watu watamwuliza kama ana macho. Mrefu atatembea magoti wazi, mfupi atakokota pindo vumbini, na mnene hataweza kufunga kifungo. Hapana atakayemlaumu mrefu kwa urefu wake, wala mfupi kwa ufupi wake. Lawama yote itakuwa juu ya fundi ambaye hakuchukua kipimo. Lakini shuleni mambo yamegeuzwa. Somo hukatwa kwa kimo kimoja, na mtoto ambaye halimtoshi ndiye alaumiwaye. Huitwa mzito, mvivu, mkaidi au mjinga, kana kwamba ni kosa la mwili kutoingia katika nguo.

Nataka kusema mambo mawili katika insha hii. La kwanza, kila mtoto mwenye mahitaji ya ziada yampasa awe na mpango wake wa masomo, uliotungwa kwa kipimo chake. La pili, mwalimu hawezi kuutunga mpango huo na kuutimiza peke yake, lazima asaidiwe. Mambo haya hayatengani. Atakaye la kwanza na kulikataa la pili hataki hata moja.

Mimi ni mwalimu, na sitaanza kwa kuwahukumu wengine. Nitaanza na kosa langu.

Mwaka 2016 nilikuwa nikifundisha darasa la tano katika shule moja ya msingi ya mashambani. Nilikuwa na watoto 45. Miongoni mwao alikuwamo msichana mmoja mkubwa kuliko wenzake, kwani alikuwa amekwisha kurudia darasa mara mbili. Aliketi mstari wa nne, na dirisha lilikuwa kushoto kwake. Nilipomwita hakuitika. Nilipomwuliza swali alinitazama mdomo, akatabasamu, akajibu jambo ambalo halikuulizwa. Wenzake walicheka. Nami, nasema kwa haya, siku nyingine nilicheka pamoja nao. Katika ripoti yake ya muhula wa kwanza niliandika maneno mawili: “Mjeuri. Hasikii.”

Neno la pili lilikuwa kweli kuliko nilivyojua.

Muhula wa pili tuliambiwa kwamba wakaguzi wanakuja, na kwamba kila mwalimu sharti awe na mpango wa masomo kwa kila mtoto mwenye mahitaji maalumu. Fomu tuligawiwa Jumatano jioni. Wakaguzi walitazamiwa Ijumaa asubuhi. Nilichagua watoto sita waliokuwa wakishika mkia. Usiku wa Alhamisi niliketi karibu na taa nikaandika mpango mmoja, kisha nikaunakili mara tano, nikibadilisha majina tu. Mahali pa “shida ya mtoto” niliandika “mzito wa kuelewa.” Mahali pa “msaada utakaotolewa” niliandika “mazoezi zaidi.” Wakaguzi walizihesabu fomu, wakatia sahihi, wakaenda zao. Fomu zikafungiwa kabatini. Wakaguzi waliridhika, mwalimu mkuu aliridhika, nami nililala usingizi mzuri. Watoto sita tu ndio ambao hawakupata kitu.

Kweli ilinijia kwa bahati. Siku moja alasiri mvua kubwa ilipiga juu ya mabati, na sauti yangu ikamezwa. Nilipaza sauti mpaka koo likakwaruza, lakini haikufaa. Darasa zima lilikunja uso likinitazama mdomo. Niliuliza swali, mtoto wa mstari wa mbele akatabasamu, akajibu jambo ambalo sikuuliza. Wenzake walitazamana. Kwa muda wa mvua ile watoto 44 walikuwa sawasawa na yule msichana wa dirishani. Yeye peke yake hakubadilika. Alikuwa akiutazama mdomo wangu kama alivyoutazama siku zote.

Nilimwita mama yake, nikamwuliza habari za masikio ya mtoto.

“Mwalimu,” akasema, “sikio la kulia limetoa usaha tangu alipokuwa ananyonya. La kushoto ndilo limsaidialo kidogo.”

“Sasa, mama, mbona hukutuambia?”

Alinitazama kwa utulivu. “Hakuna aliyeniuliza. Nimeitwa hapa mara tatu, na mara zote tatu niliitwa ili niambiwe kwamba mtoto wangu ni mjeuri.”

Sikuwa na jibu siku ile, na sinalo hata leo. Mtoto alipelekwa kupimwa, akatibiwa usaha, na ikajulikana kwamba sikio la kulia halisikii karibu kitu chochote. Hapo ndipo nilipoona jinsi alivyokuwa ameketi. Sikio lake zima lilielekea dirishani, likisikiliza ndege na upepo. Sikio bovu ndilo lililoelekea kwangu na kwa wenzake. Nilimhamishia mstari wa mbele, upande wa pili wa darasa. Nilijizoeza kusema nikiwatazama watoto, si nikitazama ubao. Maneno makuu ya kila somo niliyaandika ubaoni kabla ya kuanza. Mambo hayo matatu hayakugharimu hata senti moja. Msichana hakuwa wa kwanza darasani, wala sitaki mtu adhani kwamba nasimulia muujiza. Lakini alipoitwa aliitika, na alipoulizwa alijibu lililoulizwa, na kicheko kikakoma. Kitu kimoja hakikurudi: miaka miwili aliyorudishwa nyuma kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Basi, msomaji, ulinganishe mipango miwili. Ule niliouandika usiku wa Alhamisi ulikuwa na fomu, mhuri na sahihi, lakini haukuwa na mtoto ndani yake. Ule wa pili haukuwa na fomu, lakini ulianza kwa swali: mtoto huyu ana nini, aweza nini, na nini kimzuiacho? Mpango wa masomo wa mtu mmoja ni swali hilo likijibiwa kwa uangalifu, likaandikwa, na likafuatwa.

Hebu nieleze namna yake, kwa sababu wengi husikia jina lake na kudhani kwamba ni jambo la wataalamu wenye makoti meupe. Mpango mzuri wataka mambo matano. Kwanza, husema mtoto aweza nini leo. Husema hivyo kabla ya kusema hawezi nini. Pili, huweka shabaha chache zinazoweza kupimwa. Tatu, hutaja njia na vifaa. Nne, hutaja nani atafanya nini: mwalimu, mzazi, mwenziwe darasani, na mtoto mwenyewe. Tano, huweka siku ya kutazama tena kama njia imefaa, ili isiyofaa iachwe na nyingine ijaribiwe.

Tuseme yuko mvulana wa darasa la tano ambaye hupiga hesabu kichwani upesi, na hadithi aliyoisikia mara moja huisimulia bila kuacha neno, lakini kitabu kikifunguliwa macho yake hupotea. Herufi “b” na “d” huzibadilisha, na mstari mmoja huusoma mara mbili bila kujua. Mwalimu asiyechukua kipimo ataandika “mvivu wa kusoma.” Mwalimu aliyechukua kipimo ataandika hivi: “Hukumbuka sana asikiayo. Hesabu ya kichwa ni nzuri. Husoma silabi za herufi mbili, hukwama katika za herufi tatu. Shabaha: kufikia mwisho wa muhula asome kifungu cha maneno 50, makosa yasizidi matano. Njia: dakika 10 kila asubuhi kabla ya gwaride, kadi za silabi, na rula chini ya mstari ili jicho lisipotee. Katika masomo mengine aruhusiwe kujibu kwa mdomo. Nyumbani, dada yake amsomee kurasa mbili kila jioni naye afuate kwa kidole. Tutatazama tena baada ya wiki sita.” Hapana neno moja hapo ambalo mwanafunzi wa sekondari hawezi kulifahamu. Lakini ili maneno hayo yaandikwe, yapasa mtu awe ameketi na mvulana huyo, amsikilize akisoma, amhoji dada yake, na akumbuke kurudi baada ya wiki sita. Hapo ndipo mashaka yanapoanza.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Kipindi kimoja cha shule ya msingi ni dakika 35. Darasa likiwa na watoto 45, na mwalimu akigawa muda wake sawasawa bila kupoteza hata nukta moja ya kufuta ubao au kuamua ugomvi, kila mtoto atapata sekunde ambazo hazifiki 47. Katika sekunde hizo mwalimu aambiwa apime, apange, afundishe, asahihishe, na aandike taarifa. Kisha aongezewe fomu. Kumwagiza mtu jambo hili bila kumpa muda wala mwenzi ni kumpa pakacha na kumtuma kisimani; na aliyemtuma akimwona amerudi bila maji, humwandikia barua ya onyo.

Wala si kwamba nchi yetu haijui lililo haki. Twalijua siku nyingi. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya wasioona mjini Thika, na watu wakaona kwa macho yao kwamba mtoto asiyeona aweza kusoma kwa vidole. Mwaka 1984 vilianza vituo vya kuwapima watoto na kuwaelekeza wazazi mahali pa kupata msaada. Mwaka 1986 iliundwa Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, kazi yake ikiwa ni kuwafunza walimu wa watoto hawa. Mwaka 2003 ada za shule za msingi ziliondolewa, na watoto wengi waliokuwa wakifichwa au kubaki nyumbani wakaingia darasani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata elimu katika taasisi zilizomo ndani ya jamii, kwa kadiri imfaavyo mtu mwenyewe, na ana haki ya kutumia Lugha ya Ishara, maandishi ya breli, au njia nyingine ya mawasiliano imfaayo. Sera ya mwaka 2018 ikaagiza kwamba wanafunzi wenye ulemavu wasome pamoja na wenzao. Na mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019, umewawekea wanafunzi wasioweza kufuata madarasa ya kawaida njia ya kupanda kwa hatua.

Ulimwengu nao umesema. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1975 iliyoamuru kwamba kila mtoto mwenye ulemavu aandikiwe mpango wake wa masomo, na mzazi awe na sauti katika kuutunga. Mwaka 1994 wajumbe wa serikali 92 walikutana katika mji wa Salamanca, nchini Hispania, wakakubaliana kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote, bila kujali hali zao za mwili, akili au maisha. Kwa hiyo hatukosi maneno mazuri. Maneno tunayo ya kujaza kabati. Tulichokosa ni daraja kati ya kabati na dawati.

Sasa nataka kujibu hoja za wale wapingao, kwa maana si haki kuwapita kama mtu apitaye jirani bila salamu.

Wako wasemao, “Watoto hao wana shule zao. Wapelekwe huko.” Shule maalumu zimefanya kazi kubwa, na ziko zinazohitajiwa sana. Kiziwi asiyesikia kabisa, kwa mfano, hujifunza vizuri mahali ambapo watu wengi huzungumza kwa Lugha ya Ishara, na kumtupa katika darasa lisiloijua lugha yake si kumjumuisha, ni kumtenga hadharani. Lakini yule msichana wangu angepelekwa shule gani? Alisikia kwa sikio moja. Yule mvulana wa kadi za silabi angepelekwa wapi? Watoto walio wengi wenye mahitaji ya ziada hawana fimbo nyeupe wala kiti cha magurudumu. Wameketi kati yetu, wamevaa sare kama yetu, na shida yao haionekani mpaka mtu aitafute. Asemaye wapelekwe mbali amewaona wachache tu, wengi hajawatambua.

Wako wasemao, “Mtoto mmoja asiwarudishe nyuma arobaini na wanne.” Hoja hii yapendwa sana katika shule zinazoabudu wastani wa alama. Niliwahi kuifanya kazi katika shule moja ambako mtoto dhaifu alitazamwa kama tone la mafuta ya taa ndani ya pipa la maji ya kunywa. Mtihani wa darasa la nane, ambao ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, ulipokaribia, wazazi wa watoto kama hao walinong’onezwa kwamba ingefaa watafute shule nyingine. Wastani ulipanda, bendera ikapepea, na mbuzi akachinjwa. Nauliza: shule iliyofaulu kwa kuwafukuza waliohitaji kufundishwa imefundisha nini? Hospitali ikiwafukuza wagonjwa mahututi ili hesabu ya waliopona iwe nzuri, tutaiita hospitali?

Tena hoja yenyewe si ya kweli. Nilipoanza kuandika maneno makuu ubaoni kwa ajili ya msichana mmoja, waliofaidika hawakuwa yeye peke yake. Watoto waliokuwa wakichelewa, waliokuwa wagonjwa jana yake, na waliokuwa wakisinzia kwa njaa, wote walipata mahali pa kushika. Nilipoacha kusema nikiutazama ubao, darasa zima lilinisikia vizuri zaidi. Njia iliyosawazishwa kwa ajili ya kiti cha magurudumu hupitwa pia na mama mjamzito, mzee mwenye mkongojo, na mchukuzi wa gunia.

Wako wasemao, “Huo ni upendeleo.” Hawa wamechanganya usawa na ufanano. Baraza la Mitihani la Kenya huwachapia watahiniwa wasioona karatasi kwa maandishi ya breli, na wenye uoni hafifu kwa herufi kubwa, na huwaongezea muda. Je, wamepewa majibu? La. Wamepewa swali lile lile kwa namna wanavyoweza kulisoma. Kumpa kila mtu kitu kile kile si haki kila mara. Ukiwapa korongo na mbweha uji katika sahani bapa, mmoja atakula na mwingine atalala njaa, nawe utaapa kwamba uliwagawia sawa.

Wako wasemao, “Fedha hakuna.” Kwa hawa nasema, hesabuni vizuri. Mtoto akirudia darasa mara mbili, taifa limemlipia miaka miwili na halikupata kitu. Akiacha shule kwa aibu, limepoteza yote lililomlipia toka mwanzo. Kumhamisha mtoto kiti ni bure. Kadi za silabi hukatwa kutoka katika boksi kuukuu. Vitu vya gharama vipo, wala sivikani: mashine ya breli, vifaa vya kusikilizia, na walimu wa ziada si vitu rahisi. Lakini vitu vya bure navyo havijafanywa, kwa hiyo fedha si sababu yote. Sababu nyingine ni kutojali, na hiyo haihitaji bajeti ili iondolewe.

Na mwisho wako walimu wenzangu wasemao, “Sikuajiriwa kwa kazi hiyo. Yuko mwalimu wa elimu maalumu.” Nawapenda, maana najua uchovu wao, ni uchovu wangu. Chuoni elimu maalumu tulisomeshwa kama somo moja miongoni mwa mengi. Tulikariri majina ya ulemavu, tukayaandika katika mtihani, tukayasahau. Lakini siwezi kukubaliana nao. Aliyekubali daftari la majina amekubali kila jina lililomo. Hakuna jina katika daftari la darasa lililoandikwa kwa penseli.

Basi mwalimu apewe nini? Nitasema wazi, kwa maana madai yasiyotajwa hayajibiwi.

Apewe muda. Katika ratiba ya juma viwemo vipindi visivyo vya kufundisha, ambavyo ndani yake mwalimu ataketi na mtoto mmoja, au na mzazi, au na walimu wenzake, wapime na kupanga. Kazi isiyo na nafasi katika ratiba si kazi, ni matumaini.

Apewe mwenzi ajuaye. Mpimaji wa kituo asingoje mtoto aletwe mjini kwa nauli ambayo mzazi hana. Aje shuleni kwa siku zijulikanazo, aketi darasani, atazame, aonyeshe. Mwalimu hujifunza zaidi kwa kumwona mjuzi akifanya kwa nusu saa kuliko kwa kuhudhuria semina ya siku tatu yenye chai na vitafunio.

Apewe mafunzo yasiyokoma. Cheti cha chuo ni mbegu; mbegu isiyonyweshwa haioti. Walimu wa shule zilizo jirani wakutane kila muhula, kila mmoja alete mpango mmoja uliofaulu na mwingine ulioshindwa, wajadiliane bila woga. Wajifunze Lugha ya Ishara walau ya kusalimu, kuuliza na kujibu.

Apewe fomu fupi na ukaguzi wa kweli. Mkaguzi asihesabu karatasi. Amwite mtoto mmoja, amwulize, “Unajifunza nini muhula huu, na ni nani akusaidiaye?” Mtoto akijua jibu, mpango upo hata kama wino umekauka. Mtoto asipojua, mpango haupo hata ukiwa na mihuri saba. Laiti mkaguzi mmoja angalimwuliza hivyo msichana wangu ile Ijumaa, ningaliaibika mapema, na yeye angaliokoka mapema.

Na aondolewe ukatili wa wastani. Shule ipimwe pia kwa umbali ambao kila mtoto amesogea kutoka pale alipokuwa. Mtoto aliyetoka kusoma maneno matano akafika hamsini amesafiri mbali kuliko aliyetoka alama 88 akafika 90; lakini leo wa pili hupigiwa makofi na wa kwanza hapigiwi hata kofi moja.

Mtu ataniambia kwamba haya ni mengi. Ni mengi, ndiyo, kwa mtu mmoja. Wahenga walikwisha kusema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Kwa watu wengi ni machache: mzazi atoe habari azijuazo, kwani hakuna kituo kimjuacho mtoto kuliko mama yake, mpimaji atoe ujuzi, mwalimu mkuu atoe muda, serikali itoe vifaa na watu, nami nitoe kazi yangu ya kila siku. Kila mmoja akishika ncha yake, mkeka utainuka.

Nanyi, vijana msomao insha hii, msidhani kwamba habari hii ni ya walimu tu. Kwanza, yawahusu leo. Tazameni darasani mwenu. Yuko mwenzenu anakiliye ubaoni akikunja macho. Yuko asiyecheka mzaha mpaka wengine wamekwisha kucheka, kwa maana hakuusikia. Yuko anayeomba ruhusa ya kutoka kila zamu yake ya kusoma kwa sauti inapokaribia. Mmempa jina la utani; je, mmempa daftari lenu anakili? Kicheko cha darasa ni kitu kizito. Nilikiongeza uzito mimi niliyekuwa mtu mzima, na sitaki nanyi mje kukumbuka kicheko kama hicho mkiwa na umri wangu.

Pili, yawahusu kesho. Baadhi yenu mtakuwa walimu. Baadhi mtaketi katika ofisi ambamo bajeti hukatwa na fomu hutungwa. Wengi mtakuwa wazazi, na hapana mzazi ajuaye ni mtoto gani atakayezaliwa nyumbani mwake. Hata ninyi wenyewe mnaoona, mnaosikia na kutembea leo, hamna hati ya kuwa hivyo siku zote, hujafa hujaumbika. Mkifika katika viti hivyo, kabla ya kumwagiza mwalimu aandike mpango, mwulizeni ana watoto wangapi, ana muda gani, na ni nani amsaidiaye. Kisha mpeni alichokosa. Hapo ndipo mtakapokuwa na haki ya kumdai.

Zile fomu sita nilizitoa kabatini mwisho wa mwaka ule. Tano nilizichana, nikaanza upya na watoto wenyewe, nikakuta kwamba kati ya hao watano hakuna wawili waliokuwa na shida moja. Ya sita, iliyokuwa na jina la yule msichana, sikuichana. Ningali nayo. Kila mwanzo wa muhula, kabla sijaandika neno lolote juu ya mtoto yeyote, huitoa nikaisoma: “Shida ya mtoto: mzito wa kuelewa.” Kisha hujiuliza ni nani aliyekuwa mzito.